TUTUNZE PIKAPU YETU
(Maneno yaliyosomwa na Kamati ya Usafiri mbele ya mkutano wa wanachama. Yamebandikwa hapa kwa ajili ya ndugu waliokuwa ziwani na mashambani siku ile.)

 

Mwenyekiti ametupa nusu saa tu, na saa yake ameiweka mezani tuione. Basi tuingie kwenye habari yenyewe. Mkutano huu una shauri moja zito: pikapu ya chama iuzwe au ibaki. Wako ndugu wanaosema gari limezeeka, linakula fedha, bora tuliuze kwa wanunuzi wa chuma chakavu, halafu tukodi magari ya watu kila tunapokuwa na mzigo. Sisi wa Kamati hatuwalaumu. Mtu akiona gari limesimama wiki mbili chini ya mwembe, na mawese yanasubiri kwenye madumu, lazima aseme. Lakini tunaomba kabla hamjanyoosha mikono mtusikilize, kwa sababu sehemu kubwa ya ugonjwa wa gari hili haitokani na uzee. Inatokana na chumvi, vumbi, maji na mzigo, na hayo yote yako mikononi mwetu wenyewe.

Tuanze na kutazama gari lenyewe ni kitu gani. Ni Toyota Hilux ya dizeli, ya zamani, haina kompyuta wala vitu vya umeme vya ajabu. Gari la kisasa likiwasha taa nyekundu, fundi wa kijijini hana la kufanya mpaka aletewe mashine ya kulisoma. Hili letu ukiwa na spana, tochi na subira, utalifikia karibu kila pembe. Uzee huo ambao watu wanaucheka ndio unaotuwezesha kulitengeneza hapa hapa. Na likiuzwa, ndugu, ni nani atampeleka mama mjamzito Hospitali ya Maweni saa nane ya usiku? Mwenye gari la kukodi? Mtampigia simu, simu itaita mpaka ikate.

Sasa tuseme juu ya chumvi, maana hapo ndipo adui mkubwa alipo, na watu hawamwoni.

Gari hili linabeba dagaa kutoka mwaloni. Dagaa wengine hutiwa chumvi, na mgebuka vilevile, na maji yao huchuruzika usiku kucha kwenye sakafu ya bodi. Wakati mwingine linarudi na magunia ya chumvi ya Uvinza. Chumvi ile wazee wetu wameichemsha kutoka kwenye chemchemi za pale kwa zaidi ya miaka elfu moja, wachimbuaji wa mambo ya kale wamelithibitisha hilo, na watu walitoka mbali sana kuifuata. Ni chumvi nzuri. Lakini juu ya bati ni sumu. Bati likiwa kavu chumvi inakaa kimya tu. Likipata unyevu kidogo, hata umande wa alfajiri, chumvi inaushika ule unyevu hauondoki, na kutu inakwenda mbio mara nyingi kuliko kwenye bati lililolowa maji matupu. Ndiyo maana mnaona sehemu ya juu ya bodi bado inang'aa, lakini ukiinua lile zulia la mpira unakuta matundu unaweza kupitisha kidole. Zulia la mpira halizuii kutu, bwana. Linaificha.

Kwa hiyo kila gari linapotoka kupeleka dagaa au chumvi, lioshwe siku ile ile. Tusiseme kesho. Zulia litolewe nje, litandazwe juani. Yale matundu madogo ya kutolea maji kwenye sakafu ya bodi yazibuliwe kwa kijiti, maana magamba ya samaki huyaziba na maji yanatuama. Halafu maji mengi ya baridi yamwagwe mpaka ukionja tone linalotoka chini huhisi chumvi tena. Msicheke, onjeni. Ulimi ni kipimo kizuri na hakina gharama.

Na uoshaji uanzie chini. Vijana wetu wakipewa gari kuosha wanaanza na kioo na milango, wanapiga sabuni mpaka gari linameremeta, halafu wanapiga picha za simu. Chini hawakugusa. Udongo mwekundu wa njia ya Simbo na Ilagala unashikamana ndani ya mikunjo ya madigadi, juu ya springi, na pale bodi inapokaa juu ya chesisi. Udongo ule unakaa na maji ndani yake kama chungu, wiki nzima haukauki. Hapo ndipo chesisi inapooza. Chukua kijiti, chukua brashi, ingia chini, kwangua udongo kwanza ndipo umwage maji. Lakini asiingie mtu chini ya gari lililoinuliwa kwa jeki peke yake. Liwekwe juu ya magogo imara, na matairi yaliyobaki chini yazuiwe kwa mawe mbele na nyuma. Jeki ni chombo cha kuinulia, si nguzo ya nyumba.

Injini ikiwa ya moto isimwagiwe maji. Chuma cha moto kikipata maji ya baridi ghafla kinaweza kupasuka. Na hata ikiwa imepoa, funika kwa mfuko wa plastiki dainamo na mdomo wa kuvutia hewa kabla ya kuosha huko mbele. Ukimaliza, endesha gari taratibu mita mia moja huku ukikanyaga breki kidogo kidogo, zipate kukauka.

Jambo jingine, na hili tunalisema kwa ukali: gari lisiingizwe ziwani kuoshwa. Tunajua ni desturi ya wengi, unateremka mpaka magurudumu yanazama, unachota na ndoo, kazi imekwisha. Kwanza, maji yanaingia kwenye beringi za magurudumu na kwenye difu kupitia kile kitundu cha kupumulia, na mafuta ya difu yakichanganyika na maji yanakuwa kama uji wa ulezi, hayalainishi kitu. Pili, Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli za kuharibu mazingira ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa ziwa. Tatu, na kwetu hili ndilo kubwa, pale pale mama anachota maji ya kunywa na pale pale dagaa wanazaa. Mwaka 2024 Ziwa lilifungwa kuanzia Mei 15 hadi Agosti 15 ili samaki wapumzike wazaliane. Mnakumbuka hali ilivyokuwa majumbani. Haiwezekani tukae miezi mitatu bila wavu kwa ajili ya samaki, halafu Jumamosi tuwamwagie oili. Gari litaoshewa juu, kwenye uwanja wa ghala, kwa maji ya kisima, na maji machafu yaingie kwenye shimo lenye mchanga na changarawe ambalo vijana watalichimba.

Oili iliyotumika vilevile. Ikishatolewa kwenye injini itiwe kwenye dumu lenye kifuniko, liandikwe OILI CHAFU, likae ghalani mpaka lipelekwe gereji mjini. Isimwagwe chini, wala dumu lile lisije likatiwa mawese. Mnaelewa tunasema nini.

Pale kutu ilipokwishaanza tusiipake rangi juu yake. Rangi juu ya kutu ni kama kumvika mgonjwa wa upele shati jipya. Kwanza brashi ya chuma na msasa mpaka bati liwe jeupe, lifutwe likauke, kisha rangi nyekundu ya kuzuia kutu mikono miwili, ndipo rangi ya juu. Penye tundu fundi wa kuchomelea akate kipande kibovu chote, asibandike bati jipya juu ya lililooza. Na kabla hajaanza kuchomelea nyaya za betri zifunguliwe, asiunguze dainamo.

Sasa grisi. Hapa ruhusuni tuwakumbushe habari ya meli ambayo sote tumeiona au tumeipanda.

Liemba ilijengwa Ujerumani mwaka 1913 kwa jina la Graf von Götzen, ikaletwa vipande vipande, ikaungwa tena hapa Kigoma na kuteremshwa majini mwaka 1915. Mwaka 1916 Wajerumani walipokuwa wanakimbia Kigoma waliizamisha wenyewe ili adui asiipate. Lakini mafundi wake walikuwa na akili. Kabla ya kuizamisha walizipaka injini grisi nzito kila mahali. Waingereza waliinyanyua meli mwaka 1924, na walipozifungua injini wakakuta bado zinafaa. Mwaka 1927 ikaanza kazi kwa jina la Liemba, na mashine zile za mvuke zikaendelea kuivuta mpaka ilipokuja kutiwa injini za dizeli katika miaka ya 1970. Miaka kadhaa chini ya Ziwa Tanganyika, ndugu zangu, na grisi ikashinda! Na sisi tunashindwa kuhifadhi krosi mbili za propela kwenye nchi kavu.

Chini ya gari kuna vinyweleo vidogo vya chuma, mafundi wanaviita nipo. Viko kwenye krosi za propela shafti, kwenye pini za springi, na kwenye baadhi ya viungo vya usukani. Kila kilomita 5,000 vipigwe grisi, na kila gari linapopita kwenye maji yaliyofika nusu ya gurudumu vipigwe tena hata kama kilomita hazijafika, kwa sababu maji husukuma grisi nje. Kabla hujaweka pampu ya grisi, futa nipo kwa tambara. Usipofuta, unasukuma mchanga ndani ya kiungo kwa nguvu zako zote, na ungekuwa umefanya heri kukaa nyumbani. Piga mpaka grisi chafu itoke pembeni na grisi safi ianze kuonekana. Basi, inatosha.

Kuna mtu alituuliza, kwa nini tusitumie mawese, maana yapo tele? Mawese si grisi. Yakipata joto yanachuruzika, yakikaa yanaganda na kuoza, na vumbi linashikamana nayo. Tena mafuta ya namna hiyo yanavimbisha mipira. Dumu la mawese likipasuka garini, mafuta yakachuruzika mpaka kwenye bushi za springi au mabomba ya breki, yafutwe na kuoshwa kwa sabuni upesi.

Tumesema breki. Hapa hatutafanya mzaha.

Kutoka Mwandiga na milima ya Kalinzi mpaka chini ziwani ni mteremko, wote mnaujua. Kuna madereva wanaoweka fri wakiteremka, eti wanaokoa dizeli. Dizeli wanayookoa haijazi kikombe. Gari likiwa fri linashikiliwa na breki peke yake, breki zinapata moto, mafuta yake yanachemka, na pedali inazama chini kama imekanyaga pamba. Dereva wa chama atateremka mlima kwa gia ile ile ambayo angepandia. Hii ni amri, na atakayemwona anafanya vinginevyo atoe habari kwa Kamati, haidhuru awe mtoto wa shule.

Mafuta ya breki hunyonya unyevu hewani. Yakikaa miaka miwili yabadilishwe yote, hata kama yanaonekana kuwa kamili kwenye chupa yake. Yakipungua, kuna mahali yanavuja au breki zimelika, patafutwe. Isitiwe oili ya injini, isitiwe mawese, isitiwe maji ya sabuni kama watu wanavyosimulia. Mipira ya ndani itavimba na gari halitasimama, na mbele yako kuna soko la Mwanga limejaa watu.

Mzigo nao tuupige hesabu hadharani, tusigombane na dereva. Pikapu hii imetengenezwa kubeba kama tani moja. Pipa la lita 200 likijaa mawese lina uzito wa karibu kilo 200 pamoja na pipa lenyewe. Basi mapipa matano yamekwisha kufikia tani. Madumu ya lita 20 ni kama hamsini hivi. Juu ya mapipa matano tukapakia mihogo, juu ya mihogo akakaa mjomba na mashangazi sita na mbuzi. Springi ikikatika tunasema gari ni bovu! Pikapu si basi, wala mtu aliyekaa juu ya mapipa hana mahali pa kujishikilia gari likiyumba. Tunajua ni vigumu kumwambia mwanachama ashuke. Lakini karani wa ghala atakuwa na kipande cha karatasi chenye idadi ya mapipa na madumu, na ikifika amefunga daftari.

Tuje kwenye injini, tutakwenda haraka kidogo kwa sababu Mwenyekiti ameanza kuitazama saa.

Kila asubuhi kabla ya kuwasha, dereva na kijana wa zamu watatumia robo saa. Watazame chini ya gari kama kuna kilichodondoka usiku. Wapime oili kwa kijiti, gari likiwa mahali tambarare. Watazame maji ya rejeta, mkanda wa feni, maji ya betri, mafuta ya breki, upepo wa matairi yote pamoja na la akiba, na taa zote. Rejeta ikiwa ya moto kifuniko kisifunguliwe kabisa. Maji yaliyo chini ya mgandamizo yataruka usoni, na uso hauna spea. Maji ya kutia yasiwe ya ziwani. Maji ya ziwa letu yana madini mengi, ukiyachemsha yakaisha yanabakiza ukoko, na ukoko huo ukijenga ndani ya rejeta injini inachemka kila mlima. Tumieni dawa ya rejeta iliyochanganywa, na ikikosekana njiani, maji safi ya mvua ni afadhali. Kwenye betri ni maji maalumu ya betri tu, basi. Ule unga mweupe unaoota kwenye vichwa vya betri uoshwe kwa maji ya moto yenye magadi kidogo, vifuniko vikiwa vimefungwa, kisha vichwa vipakwe grisi.

Oili ya injini ibadilishwe kila kilomita 5,000 pamoja na filta yake. Imwagwe injini ikiwa na joto kidogo, uchafu utoke nayo. Oili ya dizeli ikigeuka nyeusi mapema msiogope, ndiyo kazi yake, inabeba masizi. Ikiwa nyeupe kama maziwa, hapo ogopeni, maji yameingia. Gari lisiwashwe tena mpaka fundi aje. Hata moshi unasema. Moshi mweusi, hewa haitoshi au dizeli imezidi, tazama filta ya hewa kwanza. Moshi wa bluu, injini inaunguza oili. Moshi mweupe asubuhi kwenye baridi si kitu, lakini ukiendelea mpaka mchana na maji ya rejeta yanapungua, gasketi ya silinda hedi inaomba msaada.

Filta ya hewa ni karatasi, isioshwe kwa maji wala petroli. Igongwe taratibu, au ipulizwe upepo kutoka ndani kwenda nje. Wakati wa kiangazi, vumbi la njia zetu likiwa kama unga wa muhogo, ifanyiwe hivyo kila wiki.

Dizeli yenyewe sasa. Hapa tumeteseka, tena si mara moja. Dizeli tunayonunua kwenye madumu mara nyingine ina maji, na mara nyingine imechakachuliwa kwa mafuta ya taa. Mwaka 2011 Serikali ilipandisha kodi ya mafuta ya taa ili kukomesha uchakachuaji huo, na kwa kweli faida ya kuchanganya ilipungua, lakini mjanja hakosi. Pampu ya dizeli ya injini hii hulainishwa na dizeli hiyo hiyo inayopita ndani yake. Mafuta ya taa ni mepesi, hayalainishi, kwa hiyo pampu inajisaga yenyewe kimya kimya, na pampu ndiyo kifaa cha bei kubwa kuliko vyote. Tununue kituoni penye risiti, hata kama bei imezidi kidogo. Dumu likilazimika, liachwe litulie usiku mzima, imiminwe ya juu, ya chini kabisa isitiwe kwenye tanki. Na jioni tanki lijazwe, maana tanki tupu usiku hufanya jasho ndani kama mfuniko wa sufuria, na jasho hilo ni maji.

Chini ya filta ya dizeli kuna kikoki kidogo. Kila wiki kilegezwe, pampu ya mkono iliyo juu yake ibonyezwe mara kadhaa, maji yatoke mpaka ije dizeli safi, kisha kikazwe. Kazi ya dakika tano. Taa ya maji kwenye dashibodi ikiwaka, gari lisimame, lifanyiwe hivyo hapo hapo njiani.

Kuna kitu kimoja ambacho hakionekani, wala hakitoi sauti ya kuonya: mkanda wa taimingi. Uko mbele ya injini ndani ya kifuniko. Hubadilishwa kila kilomita 100,000. Ukikatika injini ikiwa inazunguka, valvu zinagongana na pistoni, na hapo tunazungumzia kununua injini, si mkanda. Daftari la gari linaonyesha tumebakiza kilomita 7,000 tu kufikia hapo. Ndugu wanachama, hilo ndilo deni la kwanza. Tukiuza gari tutauza lenye mkanda uliochoka kwa bei ya chuma chakavu. Tukibadilisha mkanda tutakuwa na gari.

Matairi ya mitumba tunayonunua mjini nayo yasomwe kabla ya kulipa. Ubavuni kuna tarakimu nne ndani ya kiduara kirefu. Ikiandikwa 3519, maana yake ni wiki ya 35 ya mwaka 2019. Tairi linaweza kuwa na meno marefu kama mamba na huku limekauka na kupasuka kwa uzee. Tarakimu hizo muuzaji hawezi kuzipaka rangi.

Tumelitaja daftari. Kila safari iandikwe humo: tarehe, kilomita za kuondoka na kurudi, lita za dizeli, mzigo, na lolote dereva alilolisikia au kulinusa. Msiseme ni urasimu. Gari likianza kula dizeli zaidi kwa njia ile ile na mzigo ule ule, daftari litasema wiki mbili kabla ya fundi. Tena litamlinda dereva wetu, ambaye kila kitu kikivunjika anatupiwa yeye.

Wazee waliopo hapa wanakumbuka miaka ya mwanzo ya 1980, baada ya vita vya Kagera, spea zilipokuwa hazipatikani nchini. Malori na matrekta ya vijiji yalikaa juu ya mawe kwa kukosa kitu kidogo tu, yakaota nyasi, kuku wakataga ndani. Vijana, wakati ule mtu alikuwa na fedha na duka halina kitu. Leo maduka ya Kigoma yana filta na mikanda, ingawa mnunuzi afumbue macho kwa sababu za bandia zipo. Kinachokosekana leo ni fedha kuwa tayari siku inapohitajika, kwa sababu ziada yote tumekwisha kugawana.

Kwa hiyo Kamati inaleta mapendekezo, na tunaomba yapigiwe kura kabla ya lile la kuuza. Kila safari ya mzigo, shilingi 10,000 zitolewe kwanza, kabla ya hesabu nyingine yoyote, ziwekwe kwenye akaunti ya matengenezo yenye saini tatu, moja ya mwanamke. Fungu la kwanza likipatikana linunue mkanda wa taimingi, filta tatu, mafuta ya breki na pampu ya grisi. Vijana wawili, mmoja wao msichana, wapelekwe kujifunza ufundi wa magari VETA Kigoma kwa gharama ya chama, na waandikishiane kuwa watarudi kutumikia hapa. Ziwa likifungwa tena kwa miezi ya mapumziko, ile miezi ambayo dagaa hakuna, ndiyo iwe ya kulitoa gari barabarani kwa zamu, kuchomelea bodi na kupaka rangi, kuliko kufanya hivyo msimu wa mzigo.

Ndugu mmoja alisema juzi pale kwenye kahawa kuwa gari la chama ni gari la kila mtu, kwa hiyo si la mtu. Tumeliona neno hilo lina ukweli, na ndiyo maana zamu ya kuosha imeandikwa kwa majina, imebandikwa upande wa kulia wa karatasi hii. Aliyeweka alama ya msalaba kwenye jina lake kwa kalamu nyekundu tunamwomba aje aseme sababu.

Zamu ya kwanza ni Jumamosi hii, saa moja asubuhi, uwanja wa ghala. Waje na ndoo, majembe mawili ya kuchimbia shimo, na kijiti kigumu. Brashi ya chuma tunayo moja tu. Mwenye nyingine atuazime, itarudishwa jioni ile ile ikiwa imeoshwa. Funguo za gari ziko kwa karani.

Kamati ya Usafiri.